Hadithi Inapokatwa: Historia Fupi ya Ladha ya Mfululizo Kisii na Nyamira

Utangulizi

Neno manga lina makazi zaidi ya moja. Kwa Waswahili wa pwani, Manga ni Uarabuni, hasa Omani, na huko ndiko yalikotoka majina ya pilipili manga na jiwe la manga. Kwa Wagusii, Manga ni mteremko mkali ulioko Nyamira. Mtu akisimama juu yake huuona mji wa Kisii ukiwa umetandazwa chini. Kwa Wajapani, manga ni hadithi ya picha ichapishwayo sehemu baada ya sehemu, na mara nyingi ndiyo mzazi wa michoro ya televisheni iitwayo anime. Majina haya hayana nasaba moja. Yamekutana kwa sadfa tu. Hata hivyo, sadfa hiyo imepata maana katika zama zetu, kwa kuwa vijana waishio chini ya mteremko wa Manga ni miongoni mwa watazamaji wa hadithi zilizozaliwa na manga ya Japani.

Makala haya yanachunguza swali moja: ni nini kinachoifanya hadithi ya mfululizo ipendeze? Na je, upendeleo wa mtazamaji ni jambo la nafsi yake peke yake, au una historia? Msimamo wetu ni kwamba una historia, na kwamba kwa upande wa Kisii na Nyamira historia hiyo ilianza muda mrefu kabla ya televisheni.

Swali lenyewe lilinijia darasani. Niliwataka wanafunzi wangu waandike insha kuhusu kazi yoyote ya kisanaa waipendayo. Mmoja wao aliandika juu ya Naruto, mfululizo wa Kijapani unaomhusu mvulana yatima anayedharauliwa kijijini mwake. Insha ilikuwa safi. Alitaja dhamira sita, akazipanga, akatoa mfano kwa kila mojawapo. Nikamwuliza ni kipi hasa kilichomfanya akeshe akiutazama. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hilo nalo huulizwa?"

Jibu hilo lilinitia haya, kwani mimi ni mmoja wa waliomfundisha kwamba haliulizwi.

Ladha mbele ya uhakiki

Hapana budi kukiri kwamba uhakiki wetu wa Kiswahili umeishughulikia ladha kwa mashaka. Tangu miaka ya 1970 kazi ya fasihi imegawanywa katika fani na maudhui, na maudhui ndiyo yaliyopewa kiti cha mbele. Swali kuu lilikuwa: kazi hii inaisaidiaje jamii? Lilikuwa swali la haki katika nchi zilizotoka kutawaliwa. Lakini lilipoingia katika mitihani ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, likageuka kuwa mazoea. Mwanafunzi alijifunza kueleza muktadha wa dondoo, kutaja tamathali na kuorodhesha dhamira. Kama kitabu kilimchosha au kilimliza, hakuna aliyetaka kujua.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo ilivyo haki, kwa kuwa ladha haina hoja: huyu hupenda chungu, yule hupenda tamu. Mwanafalsafa David Hume alilijibu dai hili mwaka 1757 katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha, akitumia kisa alichokitoa katika riwaya ya Don Quixote. Watu wawili waliombwa waonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Wote wawili wakachekwa. Pipa lilipomiminwa likaisha, chini yake ulikutwa ufunguo wa chuma uliofungwa kwa kamba ya ngozi.

Funzo la kisa hiki ni kwamba ladha mbili zinazoonekana kugombana zaweza kuwa zinakigusa kitu kimoja. Kazi ya mhakiki si kuamua nani kashinda, bali kulimimina pipa mpaka ufunguo uonekane. Hilo ndilo tutakalojaribu hapa.

Jioni na deni

Mwandishi wa makala haya alilelewa Nyamira katika nyumba isiyokuwa na umeme. Hadithi zilikuwa za magokoro, yaani bibi, nazo zilisimuliwa jikoni huku obokima ukisongwa na chinsaga zikichemka. Sikumbuki mafunzo ya hadithi hizo kwa utaratibu wowote. Ninachokumbuka ni mahali alipozikatia. Zimwi limefika mlangoni, msichana amejificha darini, nacho chakula kiko tayari. Magokoro hunyamaza, hupakua, na baada ya kula husema kwamba sauti yake imechoka. Hadithi ikalala hapo mpaka kesho.

Usiku huo hatukulala upesi. Tulijadiliana kitandani kwa minong'ono jinsi msichana atakavyookoka, na kila mmoja alikuwa na njia yake. Kesho yake magokoro alipoendelea, tulimsikiliza kama watu wanaodai. Na ndivyo hasa ilivyokuwa. Hadithi iliyokatwa ni deni: msimulizi amekopa subira ya wasikilizaji, na hana budi kuilipa. Akilipa kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia, nayo ikawa ya haki, furaha yake haisahauliki. Akidanganya, kwa mfano kwa kusema kwamba zimwi lilikuwa ndoto tu, wasikilizaji hulalamika, na jioni inayofuata huja kwa shingo upande.

Hata historia ya Wagusii ina simulizi yenye deni la namna hii. Mwanzoni mwa mwaka 1908 Otenyo, kijana aliyehimizwa na nabii wa kike Moraa, alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza G. A. S. Northcote. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa msafara wa kuadhibu, na Otenyo akauawa. Wagusii wengi huamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na madai kwamba kirudishwe yametolewa mara kwa mara. Northcote alipona, naye mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Yeyote aliyewahi kuisikiliza habari hii kwa wazee atakuwa ameona jinsi isivyofungwa: shujaa amekufa bila ya kuzikwa kamili, na adui ameondoka kwenda kuendelea na maisha yake katika sura nyingine ya dunia. Msikilizaji huondoka akiwa bado anadai. Hatusemi kwamba msiba huu ni burudani. Tunasema kwamba jamii iliyoishi na simulizi kama hii inajua vyema uzito wa hadithi isiyolipwa.

Gazeti, redio na televisheni

Vyombo vya habari vilipoingia havikuikuta hadhira iliyo tupu. Kisa cha picha cha Juha Kalulu, kilichochorwa na Edward Gitau na kuchapishwa kwa miongo mingi katika Taifa Leo, kilifika Kisii pamoja na gazeti lenyewe, na gazeti moja lilisomwa na watu wengi kabla ya kufungia sukari. Televisheni ya Kenya ilianza mwaka 1962, lakini kwa miaka mingi vijijini ilikuwa chombo cha mtu mmoja mwenye betri ya gari na cha majirani zake wote. Kituo cha KTN kilianza mwaka 1990, na hapo ndipo ukiritimba wa shirika la serikali ulipovunjika.

Hapa tunaweza kutofautisha aina mbili za vipindi. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilikuwa na wahusika wa kudumu, lakini kila kisa kilijitosheleza. Mzee Ojwang', aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau, aliingia mashakani na kutoka katika muda uleule wa kipindi. Tausi, mchezo wa Kiswahili wa miaka ya 1990, ulifuata njia nyingine: mambo ya wiki hii yalitegemea ya wiki iliyopita. Nakumbuka katika hoteli moja ya chai, ambako televisheni iliwekwa juu karibu na dari, wateja walivicheka Vitimbi kisha wakaenda zao. Kipindi cha Tausi kilipokwisha walibaki. Waliagiza chai ya pili wakibishana. Mwenye hoteli alielewa nadharia ya mfululizo kuliko sisi tuliosoma.

Wajapani na mtambaji wa baiskeli

Ili tuelewe kwa nini hadithi za Wajapani zimepokewa kwa urahisi na hadhira ya namna hii, yafaa tutazame zilikotoka. Katika miaka ya 1930 mitaa ya miji ya Japani ilikuwa na watambaji waliotembea kwa baiskeli. Nyuma ya baiskeli palikuwa na kisanduku cha mbao chenye picha za karatasi. Mtambaji aliwaita watoto kwa kugonganisha vijiti, akawauzia peremende, kisha akasimulia huku akizivuta picha moja baada ya nyingine. Sanaa hii iliitwa kamishibai. Hadithi ilikatwa penye hatari, na aliyetaka kujua yaliyofuata alirudi kesho na senti ya peremende. Televisheni ilipoanza Japani mwaka 1953, watu waliipa jina la utani: kamishibai ya umeme.

Jina hilo lilikuwa la kweli kuliko walivyodhani. Tarehe 1 Januari 1963 mfululizo wa Tetsuwan Atomu, wa Osamu Tezuka, ulianza kuonyeshwa. Fedha zilikuwa chache na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo kampuni yake ilichora picha chache kwa kila sekunde, ikatumia tena zilizokwisha kutumika, na mara nyingi ikaiacha picha ituame huku sauti ikiendelea. Wataalamu waliozoea mtiririko wa Disney waliweza kuuona huo kuwa upungufu. Lakini picha inayotuama huku sauti ikisimulia ndiyo kamishibai yenyewe. Na kwa aliyelelewa jikoni kwa magokoro, hali hiyo si ngeni: uso mmoja ulioangazwa na moto, usiosogea sana, na sauti inayofanya kazi yote.

Manga nayo ilijenga njia yake ya kuwasikiliza wasomaji. Jarida la Shonen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968, liliweka kadi za posta ambazo msomaji aliandika hadithi zilizomfurahisha zaidi. Hadithi zilizokosa kura zilikatizwa, zilizopendwa zikarefushwa. Naruto na One Piece zilipita katika mizani hiyo. Si mizani isiyo na kasoro, lakini inamrudishia msanii kitu alichokuwa nacho mtambaji: uwezo wa kuziona nyuso za wanaomsikiliza.

Mjomba na mpwa

Anime zilifika Kisii kwa njia nyingi: kwa kanda na diski za kunakiliwa, kwa televisheni, na hatimaye kwa intaneti, hasa baada ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009. Hadhira ilikuwa imekwisha kuzoea sinema za ng'ambo zikisimuliwa upya, kwani katika vibanda vya video sauti ya DJ Afro ilizitafsiri sinema za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani, ikiwabatiza wahusika majina na kuwatania. Japani ya sinema zisizo na sauti ilikuwa na wasimulizi wa aina hiyohiyo, walioitwa benshi. Kisha yakaja maduka ambako kijana huenda na diski yake ya flashi na kujaziwa mfululizo mzima.

Mpwa wangu ni mmoja wa wateja wa maduka hayo. Yeye hupenda Attack on Titan, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 2013 na 2023. Ni hadithi ya watu waishio ndani ya kuta kwa hofu ya majitu yalayo watu; baadaye hubainika kwamba ng'ambo ya bahari wako watu wengine, nao wana uchungu na sababu zao. Mimi hupenda Mushishi, mfululizo wa sehemu 26 ulioonyeshwa mwaka 2005 na 2006. Humo mganga mmoja msafiri huenda kijiji hata kijiji akiwasaidia watu waliosumbuliwa na viumbe visivyo mmea wala mnyama. Kila sehemu ni hadithi kamili, na sauti ya mwanamke msimulizi husikika kwa upole.

Nilimwonyesha sehemu mbili. Alizitazama kwa adabu.

"Ni nzuri, Mjomba," akasema. "Lakini kila siku inaisha. Kesho nitarudi kufuata nini?"

"Haiishi," nikamjibu. "Mganga ameondoka, lakini yule mama hajajua kama mwanawe aliyerudi ni mwanawe kweli."

"Basi hilo si tutaambiwa?"

"Hatutaambiwa."

Alicheka, akasema kwamba huo ni wizi. Nami nikasema kwamba kutazama sehemu themanini na zaidi ili kujua nani kamla nani ni utumwa. Tukaachana hapo, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hana ladha.

Baadaye nilitambua jambo ambalo hakuwa amelitaja. Yeye na wenzake wanne walikuwa wameafikiana wautazame mfululizo huo sehemu moja tu kila jioni, ingawa sehemu zote walikuwa nazo mfukoni. Aliyetangulia mbele kwa siri alitozwa soda za kundi zima. Nilipomwuliza sababu, alishangaa kwamba sijui. "Tukimaliza zote usiku mmoja," akasema, "tutaongea nini kesho?"

Ufunguo ndani ya pipa

Hapo ndipo ninapoamini kwamba ufunguo ulionekana. Vijana hawa walikuwa wamepewa na teknolojia uwezo ambao magokoro hakuwa nao: hadithi yote kwa mara moja, bila ya kungoja. Nao wakaukataa. Wakaurudisha kwa hiari yao ule ukimya wa baada ya chakula, wakauwekea na faini. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Kwa hakika wengi wao hawakuwahi kusimuliwa jikoni.

Ugomvi wangu na mpwa wangu, kwa hiyo, ulikuwa ugomvi wa ngozi na chuma. Yeye hupenda hadithi ikatwe kabla ya jambo kuamuliwa. Mimi hupenda ikatwe baada ya jambo kuamuliwa lakini kabla ya kueleweka. Sote wawili tunakipenda kituo, yaani pale ambapo msimulizi hunyamaza na kazi ikaingia mikononi mwa wasikilizaji.

Kipimo hiki hutusaidia pia kueleza kinachochukiza. Naruto ya kwanza, iliyoonyeshwa kutoka mwaka 2002 hadi 2007, ina sehemu 220, na nyingi katika zile za mwisho hazikutoka katika manga. Zilitungwa ili kujaza muda huku mchoraji akisubiriwa. Mashabiki wengi huziruka, hata wale wasioweza kueleza kwa nini zinawachosha. Maelezo ni haya: zinakopa bila ya nia ya kulipa. Hatari huletwa na kuondolewa, na hakuna kinachobadilika. Urefu peke yake haukuwa kosa. Kosa lilikuwa uaminifu kuvunjika.

Hatudai kwamba kituo ndiyo ladha yote. Wapo wanaopenda anime kwa rangi zake, kwa nyimbo za kufungulia, kwa mapigano, au kwa adui ambaye ana sababu. Lakini hata mambo hayo hupata nguvu kutokana na deni. Adui mwenye sababu hupendeza kwa kuwa tumemchukia kwa muda mrefu kabla ya kuambiwa sababu hiyo. Mtazamaji hulipwa kwa sarafu asiyoitarajia, na hulazimika kuirudia upya hesabu yake yote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba upendeleo wa mtazamaji wa Kisii na Nyamira mbele ya hadithi ya Kijapani si uigaji mtupu wa mambo ya kigeni, wala si jambo la nafsi lisilo na maelezo. Una mizizi katika jioni za usimulizi, umepitia gazeti, redio, hoteli ya chai na kibanda cha video, na umekutana na sanaa ambayo nayo ilitoka kwa mtambaji wa mtaani.

Hata hivyo, itakuwa kujidanganya tukihitimisha kwa kusema kwamba hakuna kilichopotea. Mpwa wangu na wenzake hubishana kwa Kiswahili na Kiingereza kuhusu hadithi ya Kijapani. Hadithi za magokoro zilikuwa kwa Ekegusii, na zile alizozikata bila ya kuzimalizia hazina tena wa kuzimalizia. Alifariki nikiwa shuleni, na nyingi nilizisikia nusu. Uwezo wa kuingoja hadithi umerithiwa; hadithi zenyewe hazikurithiwa zote. Idara za fasihi zinazokusanya masimulizi zingefanya vyema kuandika pia mahali msimulizi alipositia na yaliyosemwa na wasikilizaji wakati wa kusita huko, badala ya kuandika kisa na funzo peke yake.

Ama mwanafunzi wangu, nilimrudishia insha yake bila ya alama, nikamwomba aongeze ukurasa mmoja wa kujibu swali langu. Aliuleta baada ya wiki. Aliandika kwamba alipokuwa mdogo walikuwa wakitazama kwa jirani, na kila kipindi kilipokwisha walitembea kurudi nyumbani gizani, mwendo wa nusu saa, wakibuni yatakayotokea. Na kwamba kwa kweli ule mwendo ndio alioupenda. Katika insha yote, huo ndio ukurasa niliousoma mara mbili.

Naam, hilo nalo huulizwa.